Fungueni Madirisha ya Chumba cha Meno



Mwezi huu ukurasa huu hauna habari za mbegu wala mbolea. Tutazungumza habari za hewa ya chumba cha meno.

Najua wengine watacheka. Watasema, "Bwana Shamba na meno, wapi na wapi?" Jibu ni hili. Mkulima anayejua kutumia bomba la kupulizia dawa ataelewa jambo hili upesi kuliko watu wengi. Tena jambo lenyewe linatuhusu sana sisi wa vijijini. Mjini tabibu wa meno akiugua, yuko mwingine. Kwetu mara nyingi yuko mmoja tu kwa eneo kubwa. Akiugua huyo, chumba kinafungwa. Wenye maumivu wanakwenda kwa watu wang'oao meno kwa koleo isiyochemshwa. Kwa hiyo anayemlinda tabibu wa meno anajilinda mwenyewe.

BOMBA LA DAWA NA DRILI YA MENO

Kila mkulima wa pamba, nyanya au korosho anajua habari za bomba. Ukipuliza dawa, matone hutoka ya namna mbili. Kuna matone makubwa. Hayo huanguka kwenye majani na ardhini. Kuna matone madogo sana. Hayo hayaanguki upesi. Huelea hewani kama ukungu. Upepo huyachukua mpaka shamba la jirani, na mpaka puani mwako wewe unayepuliza.

Ndiyo maana tunafundisha siku zote: simama upepo ukitoka mgongoni kwako. Usipulize dhidi ya upepo. Ziba pua na mdomo.

Sasa tazama chumba cha meno. Tabibu anapotaka kuziba jino lililooza, hutumia drili ndogo. Drili hiyo huzunguka kwa kasi kubwa mno. Nyingi huzunguka zaidi ya mara 300,000 kwa dakika moja. Kwa kasi hiyo jino lingeungua. Kwa hiyo drili hurusha maji ili kulipoza. Maji hayo hukutana na mate, na pengine damu. Kisha hurushwa nje kama ukungu.

Iko pia mashine ya kusafisha meno kwa mtetemo. Nayo hurusha ukungu mwingi sana.

Basi mashine hizo ni kama bomba. Lakini ukungu wake hauna dawa. Una mate ya mtu. Na uso wa tabibu uko karibu sana na kinywa cha mgonjwa, pengine kwa nusu saa au zaidi.

Kung'oa jino kwa koleo ni tofauti. Hakutoi ukungu mwingi kama drili. Lakini mgonjwa bado anapumua, anakohoa na kupiga chafya karibu na uso wa tabibu. Kwa hiyo hata penye koleo tu hadhari inatakiwa.

MAGONJWA GANI HUPITA HEWANI?

Yapo mengi. Tutaje matatu.

La kwanza ni mafua makali. La pili ni UVIKO-19, uliotangazwa kuwa janga la dunia mwezi wa Machi 2020. Vijidudu vya magonjwa haya huweza kuwamo katika mate ya mgonjwa.

La tatu ni kifua kikuu. Huu ni ugonjwa wa zamani. Daktari Robert Koch wa Ujerumani alitangaza kugundua kijidudu chake tarehe 24 Machi 1882. Mpaka leo ungali nasi. Shirika la Afya Duniani liliiweka Tanzania katika orodha ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu kwa miaka ya 2021 hadi 2025.

Kijidudu cha kifua kikuu hutoka mapafuni. Mgonjwa akikohoa, akipiga chafya, akisema au akiimba, hutoa vitone vidogo visivyoonekana kwa macho. Vitone hivyo hukauka na kuwa vidogo zaidi. Huweza kuelea ndani ya chumba kilichofungwa kwa saa kadhaa. Mgonjwa ameondoka, lakini hewa yake imebaki.

USHAHIDI UKO WAPI?

Mkulima haamini maneno matupu. Hutaka kuona shamba la mfano. Na hapa iko mifano.

Mfano wa kwanza ni wa simbilisi, wanyama wadogo wanaofugwa Njombe na Iringa. Katika miaka ya 1950, wataalamu wa mji wa Baltimore nchini Marekani walitaka kujua kama kifua kikuu kweli hupita hewani. Walichukua hewa ya wodi ya wagonjwa wa kifua kikuu. Wakaipitisha kwenye bomba mpaka kwenye vizimba vya simbilisi. Simbilisi hawakugusana na mgonjwa yeyote. Walivuta hewa tu. Wengi waliambukizwa.

Mfano wa pili ni wa Uingereza. Mwaka 1982 jarida la madaktari liitwalo The Lancet lilieleza habari za watu 15. Watu hao walipata kifua kikuu baada ya kutibiwa meno. Daktari wa meno aliyewang'oa alikuwa na ugonjwa huo. Mfano huu unafundisha kwamba njia ni ya pande mbili. Mgonjwa huweza kumwambukiza tabibu, na tabibu huweza kuwaambukiza wagonjwa.

Mfano wa tatu ni wa Italia. Mwaka 2011 mama mmoja mwenye umri wa miaka 82 alikufa kwa ugonjwa wa mapafu. Wataalamu walichunguza. Waliona kwamba vijidudu vilitoka katika maji ya mashine ya daktari wa meno. Maji yaliyokaa ndani ya mipira myembamba huota utelezi. Ninyi mnajua utelezi ulio ndani ya mpira wa bomba lililolala na maji wiki nzima. Vijidudu hujificha humo. Mashine ikiwashwa, hurushwa pamoja na ukungu.

DAWA YA KWANZA NI DIRISHA

Watu wengi hudhani kwamba kinga ya hewa ni lazima iwe mashine ya bei kubwa. Sivyo.

Mwaka 2007 wataalamu walitoa habari za uchunguzi wao katika hospitali za mji wa Lima, nchini Peru. Walipima hewa ya vyumba, madirisha yakiwa yamefungwa na yakiwa wazi. Waliona kwamba vyumba vya majengo ya zamani, vyenye dari ya juu na madirisha makubwa, vilibadilisha hewa vizuri kuliko vyumba vya majengo mapya. Vyumba vyenye madirisha wazi vilishinda hata vyumba vyenye mashine za kubadilisha hewa.

Fikirini hesabu hii. Hewa ya chumba ikibadilishwa mara 12 kwa saa, vijidudu 99 katika kila 100 vilivyo hewani huondoka kwa muda wa dakika 23 hivi. Ikibadilishwa mara 2 tu kwa saa, kazi hiyo hiyo huchukua zaidi ya saa mbili. Katika saa mbili wagonjwa wangapi wameketi kwenye kiti kile?

Lakini dirisha moja halitoshi. Hewa ni kama maji ya mfereji. Inahitaji pa kuingilia na pa kutokea. Kwa hiyo chumba kiwe na madirisha pande mbili zinazotazamana.

Na kiti kiwekwe wapi? Kumbukeni bomba. Upepo utoke mgongoni kwa tabibu, umpitie mgonjwa, kisha utoke nje. Usitoke kwa mgonjwa ukaja usoni kwa tabibu. Wala usielekee kwenye benchi la watu wanaongoja. Wanaongoja wakae barazani au chini ya mti. Kivuli cha mwembe ni chumba cha kungojea kizuri kuliko korido iliyofungwa.

PUNGUZA UKUNGU WENYEWE

Mkulima mwerevu hapulizi dawa pale ambapo palizi kwa jembe inatosha. Kwenye meno nako iko njia kama hiyo. Na njia hiyo ilianzia hapa kwetu Tanzania.

Katikati ya miaka ya 1980, wataalamu wa meno waliokuwa wakifanya kazi katika chuo kikuu cha Dar es Salaam walitafuta namna ya kuziba meno mahali pasipo na umeme. Walitumia zana za mkono tu. Sehemu laini iliyooza ilikwanguliwa kwa zana ndogo zenye makali. Kisha tundu lilizibwa kwa saruji maalumu ya meno. Hakuna drili. Hakuna maji ya kurusha. Baadaye njia hiyo ilienea nchi nyingi za dunia.

Wakati ule sababu ilikuwa ni ukosefu wa umeme. Lakini mwaka 2020, UVIKO-19 ulipoenea, Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba penye maambukizo mengi, matibabu ya meno yasiyo ya haraka yaahirishwe. Na kwa wale wasioweza kungoja, njia za zana za mkono zipendelewe, kwa sababu hazirushi ukungu. Basi kilichobuniwa kwa ajili ya kijiji kisicho na umeme kilikuja kufaa hata miji mikubwa.

Pale ambapo drili lazima itumike, yako mambo mengine ya kupunguza ukungu. Mtambo wa kunyonya wenye nguvu uwekwe karibu na jino, unyonye maji kabla hayajaruka. Kipande chembamba cha mpira kitandazwe kinywani, jino linalotibiwa tu litokeze. Hapo mate hayachanganyiki sana na maji ya drili.

Na maji ya mashine? Yaachwe yatiririke kwa sekunde 20 hadi 30 baada ya kila mgonjwa. Mipira isafishwe kwa dawa kama maelezo ya mashine yanavyosema. Ni kama tunavyosuuza bomba baada ya kazi.

BARAKOA SI DHARAU

Nimesikia watu wakinung'unika. Wanasema, "Yule tabibu anatuona sisi wachafu. Anajifunika uso kama anakwenda chooni."

Mzee mmoja aliniambia maneno hayo kwenye kilabu cha ushirika. Nikamwuliza, "Mzee wangu, wewe ukipuliza dawa ya mikorosho, mbona unajifunga kitambaa? Unaidharau mikorosho?"

Akacheka. Akasema, "La, Bwana Shamba. Najilinda."

"Basi na tabibu vile vile," nikamwambia. "Tena anakulinda na wewe. Kumbuka wale watu 15 wa Uingereza."

Barakoa ni za namna mbili. Iko barakoa laini ya kawaida ya hospitali. Hii huzuia matone makubwa na mate. Lakini pembeni ina nafasi, na hewa hupita. Iko barakoa nzito iitwayo N95. Hii hukaza usoni, na huzuia angalau chembe 95 katika kila 100 za zile ndogo sana. Kwa mgonjwa anayehisiwa kuwa na kifua kikuu, tabibu anahitaji hii ya pili.

Barakoa ya N95 isiyokaza ni bure. Tabibu mwenye ndevu nyingi haimkai sawasawa. Barakoa iliyolowa au kuchafuka haifai. Na barakoa moja haivaliwi na watu wawili.

Pamoja na barakoa, tabibu avae miwani ya kukinga macho, glovu na aproni. Msaidizi wake naye avae. Na anayefagia chumba asisahauliwe. Mara nyingi yeye huingia wakati ukungu bado unaelea, naye hana chochote usoni. Aachwe madirisha yafunguliwe kwanza, hewa ibadilike, ndipo aingie.

TABIBU NAYE APIMWE

Ng'ombe wa maziwa hupimwa ili maziwa yawe salama. Mtumishi wa chumba cha meno naye anastahili kupimwa. Akiwa na kikohozi cha wiki mbili au zaidi, homa za jioni, jasho la usiku, au akipungua mwili, achunguzwe kifua kikuu mara moja. Asione haya. Mkubwa wake asimwambie, "Vumilia, watu ni wengi." Kuvumilia huko ndiko kunakoeneza ugonjwa.

Kifua kikuu kinapona. Tangu mwaka 1977 Tanzania ina mpango wa taifa wa kupambana na kifua kikuu na ukoma. Dawa hutolewa bila malipo katika vituo vya serikali. Kwa kawaida matibabu huchukua miezi sita. Sharti ni moja: kunywa dawa mpaka mwisho.

WEWE MGONJWA UFANYE NINI?

Ukienda kutibiwa meno, fanya haya:

1. Sema kweli. Kama una kikohozi, homa au mafua, sema kabla ya kuketi kwenye kiti. Usifiche kwa kuogopa kurudishwa.

2. Kama unakohoa kwa wiki mbili au zaidi, pima kifua kikuu kwanza. Jino lisilo na haraka litangoja. Mwenye virusi vya Ukimwi asingoje wiki mbili. Apime mara aanzapo kukohoa.

3. Kama jino linauma sana au shavu limevimba, usikae nyumbani. Nenda, na useme habari ya kikohozi chako. Tabibu atajua namna ya kukuhudumia kwa hadhari. Pengine atakuweka mwisho, au atakupeleka mahali penye chumba kinachofaa. Hajakubagua.

4. Ziba mdomo kwa kitambaa au kiwiko ukikohoa. Ngojea zamu yako nje.

5. Usifunge dirisha kwa sababu ya baridi. Njoo na shuka.

6. Piga mswaki kila siku. Jino zima halihitaji drili wala koleo.

NENO KWA SERIKALI ZA VIJIJI

Katika kata moja ninayoitembelea, wananchi wanajenga chumba cha meno kwenye kituo chao cha afya. Matofali yamechomwa kwa nguvu zao. Ukuta umefika usawa wa madirisha. Katika mkutano pakatokea ubishi. Wengine walitaka dirisha moja dogo, tena la juu, kwa kuogopa wezi. Wengine walitaka vioo visivyofunguka, ili chumba kipendeze kama cha mjini. Mama mmoja akasimama akauliza, "Tunajenga ghala au tunajenga chumba cha watu?"

Ndugu zangu, swali la mama huyo ni swali zuri. Hofu ya wezi ni ya kweli. Kiti cha meno ni mali ya gharama. Lakini mwizi huzuiwa kwa nondo. Mbu huzuiwa kwa wavu. Nondo na wavu huacha hewa ipite. Ukuta usio na dirisha humzuia mwizi, na humfungia ndani tabibu pamoja na vijidudu vya kila aliyekohoa siku ile.

Kwa hiyo kabla ya kumwaga linta, ulizeni maswali manne. Upepo wa hapa kwetu hutoka upande gani? Madirisha yako pande mbili? Yanafunguka yote? Hewa inayotoka inaelekea wapi? Mwiteni Bwana Afya atazame kabla fundi hajaendelea. Kubomoa ukuta baadaye ni gharama mara mbili.

Tena halmashauri za vituo ziulize kila mwezi: barakoa zipo? Glovu zipo? Mtambo wa kunyonya unafanya kazi? Tabibu asiachwe aombe peke yake kama mtu anayeomba zawadi. Hizo ni zana za kazi, kama jembe lilivyo kwa mkulima.

Chumba hicho kitahudumia watoto wetu kwa miaka mingi. Dirisha halidai mshahara, wala halihitaji umeme. Linahitaji mtu wa kulifungua asubuhi.

MASWALI YA DARASA

1. Matone makubwa na matone madogo hutofautianaje hewani?
2. Kwa nini tabibu wa meno akae upepo ukitoka mgongoni kwake?
3. Njia ya kuziba meno kwa zana za mkono ina faida gani mbili?
4. Watu 15 wa Uingereza waliambukizwaje?
5. Nendeni mkatazame zahanati au kituo chenu. Hesabuni madirisha yanayofunguka. Andikeni idadi yake, kisha mpelekeeni mwenyekiti wa kijiji.

Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutarudi shambani. Tutaeleza namna ya kukausha mahindi yasiote ukungu.

Bwana Shamba wenu